Atoke lini, na atoke vipi: maneno kwa ndugu wa wafungwa na watendaji wa vijiji wa Mtwara na Lindi

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, watendaji wa kata na vijiji, wasaidizi wa kisheria, shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

Wengi mliofika hapa Masasi leo mna mtu ndani. Mwingine yuko Lilungu, mwingine Namajani, mwingine Nachingwea, mwingine kahamishwa mbali hata nauli ya kumfuata ni shughuli. Swali lenu mmekuja nalo moja: atoke lini, na tufanye nini atoke mapema. Tutalijibu, lakini kwanza mtujibu sisi matatu. Kafungwa kwa kosa gani? Miaka mingapi? Kuanzia tarehe ngapi? Ukituambia "kafungwa tu, kesi ya kusingiziwa", hapo hatuna pa kuanzia. Huenda kweli kasingiziwa, lakini milango ya kutokea inafunguka kwa kosa na kwa miaka. Majibu hayo yamo kwenye hati ya kifungo iliyoko gerezani na kwenye nakala ya hukumu iliyoko mahakamani. Kama humo mkononi mwako hakuna nakala ya hukumu, kazi yako ya wiki hii ni hiyo.

Tuanze na msamaha ambao kila mtu anao na wachache wanaujua hesabu yake. Sheria ya Magereza, Sura ya 58, inampa mfungwa punguzo la theluthi moja ya kifungo kwa kazi na tabia njema, ikiwa kifungo chake kinazidi mwezi mmoja. Aliyefungwa maisha hayumo. Chukua miaka sita: ni miezi 72. Theluthi ni miezi 24. Inabaki 48, yaani miaka minne kamili. Kwa hiyo mtu wa miaka sita akikaa vizuri anatoka akiwa ametumikia minne, bila kumwandikia mtu barua na bila kumpa mtu hata shilingi. Siku za mahabusu kabla ya hukumu hazimo katika hesabu hii. Hizo zilipaswa kutajwa siku ya hukumu, wakati mshtakiwa anaomba apunguziwe adhabu, ili hakimu azizingatie. Mwenye kesi inayoendelea alishike hilo, amwambie mtu wake aitaje tarehe aliyokamatwa.

Sasa theluthi hiyo inaweza kupotea, nzima au sehemu, na hapa naomba tusemezane kama ndugu. Inapotea kwa kugombana, kwa kukataa kazi, kwa kujaribu kutoroka, na kwa kukutwa na vitu vilivyokatazwa. Hivyo vitu vinatoka wapi? Mara nyingi ni sisi tunaompelekea. Simu ndogo ndani ya mfuko wa unga, tumbaku kwenye pindo la shuka, bangi ndani ya sabuni iliyochimbwa katikati na kuzibwa tena. Askari wanaijua hiyo sabuni kuliko wewe. Ikikamatwa mlangoni, wewe unabaki hapo hapo na kesi yako. Ikikamatwa ndani, mtu wako anaandikiwa kosa la nidhamu, siku za msamaha zinakatwa, na ule ukurasa wa tabia kwenye jalada lake unabaki na doa ambalo bodi ya parole, ile inayoangalia nani atoke mapema akamalizie kifungo nje kwa masharti, itakuja kulisoma baada ya miaka miwili. Mama anadhani amemsaidia mwanawe azungumze na wadogo zake. Kumbe amemwongezea miezi.

Twende kwenye rufaa, maana ndiyo yenye saa inayokimbia.

Kesi ikitoka Mahakama ya Mwanzo, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Ikishatoka hapo, kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 nyingine. Hukumu ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ikiwa ndiyo ya kwanza, rufaa inakwenda Mahakama Kuu, ambayo kwa mikoa yetu miwili iko Mtwara mjini, na hapo pana muda wa aina mbili. Siku 10 tangu hukumu ni za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Siku 45 ni za kupeleka rufaa yenyewe yenye sababu, na katika hizo 45 hauhesabiwi muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ya kusudio ni siku 30.

Zinazoharibika ni zile kumi. Siku ya hukumu familia inalia, kesho yake inarudi kijijini, wiki inakatika kwenye kikao cha ukoo cha kutafuta pesa za wakili. Siku ya kumi na mbili ndipo wanakuja kuuliza. Wakati huo wote hapakuhitajika wakili. Mfungwa anaijaza taarifa ya kusudio akiwa gerezani, anaweka sahihi au dole gumba, na mkuu wa gereza anaipeleka mahakamani. Ni karatasi moja, haina ada. Inachotaka ni namba sahihi ya kesi, jina lile lile lililoko kwenye hukumu, tarehe ya hukumu na jina la mahakama. Basi ukimtembelea mara ya kwanza, kabla hujamuuliza anakula nini, muulize: umeshaweka dole?

Nakala ya hukumu na ya mwenendo iombwe kwa barua siku zile zile. Peleka barua mbili zinazofanana. Moja waachie, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Ule muhuri ndio utakaokuja kueleza kwa nini siku 45 zilipita. Aliyeomba kwa mdomo kwenye korido hana cha kuonyesha. Rufaa ikishaandikwa, mfungwa anaikabidhi kwa mkuu wa gereza, naye anaisogeza kwa msajili. Aombe tarehe ya kukabidhi iandikwe. Na aliyechelewa asikate tamaa: mahakama inaweza kuongeza muda ikipewa sababu ya msingi. Lakini sababu hiyo ielezwe kwa tarehe, kipindi kwa kipindi. "Sikujua sheria" haimfikishi mtu popote.

Onyo moja kuhusu rufaa. Mahakama ya juu inaweza kupunguza adhabu, kuifuta, kuiacha ilivyo, na inaweza pia kuipandisha kama hakimu alitoa chini ya kiwango cha sheria. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa mfano, adhabu yake inaanzia miaka 30. Mtu aliyepewa mitano kwa kosa la namna hiyo asikimbilie rufaa ya adhabu kabla hajasomewa sheria na mtu anayeijua. Wapo waliokwenda kuomba punguzo wakarudi na nyongeza.

Faini ni fupi. Mtu akihukumiwa "faini au kifungo" na familia ikashindwa kulipa siku ile, mlango haujafungwa. Inaweza kulipwa hata baada ya kuingia, na sheria inazingatia siku alizokwisha tumikia: aliyekosa faini ya shilingi 600,000 akapewa miezi sita, akishatumikia mitatu, nusu ya deni inakuwa imeshatumikiwa. Wajomba wengi hawajui hili, wanakaa wanatafuta kiasi chote mpaka kijana anamaliza kifungo. Nendeni mahakamani mkaulize kilichobaki, mpewe namba ya malipo ya serikali, mlipe benki au kwa simu, mrudi na stakabadhi. Anayekwambia umpe mkononi atakupelekea, mshukuru, halafu nenda mwenyewe.

Wenye kifungo kisichozidi miaka mitatu wana Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Badala ya kukaa ndani, mtu anafanya kazi ya bure kwa umma, saa nne kwa siku, kwenye zahanati, shule au ofisi ya serikali, akilala kwake. Hata aliyekwisha ingia gerezani anaweza kubadilishiwa. Anayeshika kazi hii ni afisa wa huduma za uangalizi, aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Anakwenda gerezani kuzungumza na mfungwa, anakuja kijijini kuchunguza, anaandika ripoti, mahakama inaamua. Akikosa kazi bila sababu, anarudishwa ndani. Saa nne hizo zinaacha nusu siku ya kupalilia, na hilo kwa mkulima si dogo. Kwa maoni yetu huu ndio mlango unaotumika kidogo kuliko unavyostahili, na sababu kubwa ni kwamba kifungo kifupi kinaisha kabla ripoti haijakamilika. Kwa mtu wa miezi minane, wiki tatu za mtendaji kutopatikana ofisini ni sehemu kubwa ya kifungo.

Msamaha wa Rais unatoka kwenye Ibara ya 45 ya Katiba. Kwa kawaida husikika 26 Aprili, Siku ya Muungano, au 9 Desemba, Siku ya Uhuru. Masharti yake yanatangazwa kila mara upya. Tarehe 9 Desemba 2017 waliguswa wafungwa 8,157, na siku hiyo hata waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa walisamehewa 61. Tarehe 26 Aprili 2021 waliguswa 5,001, lakini waliotoka mara moja walikuwa 1,516. Waliobaki 3,485 walipunguziwa kifungo wakaendelea kukaa. Hizo namba mbili zishikeni, kwa sababu kila tangazo likitoka watu wanakwenda kusimama getini na nguo mpya mkononi. Kuguswa na msamaha na kutoka siku ile ni mambo mawili. Punguzo la mwaka ule lilikuwa moja ya sita, juu ya ile theluthi ya kawaida. Wazee wa miaka 70 na kuendelea, wagonjwa mahututi na kina mama walioingia wajawazito au na watoto hupewa fungu lao. Makosa ya kubaka, unyang'anyi wa silaha, dawa za kulevya na ujangili mara nyingi huachwa nje, na huku kwetu karibu na mapori, hilo la ujangili linagusa nyumba nyingi.

Msamaha huo hauombwi kwa simu. Kila karibu na Desemba, msimu wa korosho umechanganya na watu wana pesa za mnada, anaibuka mtu anajitambulisha kama afande fulani: jina la mwanao limo kwenye orodha, tuma laki mbili tulipitishe. Orodha inatengenezwa gerezani kutoka kwenye majalada, kwa vigezo vilivyotangazwa. Namba hiyo ipeleke polisi.

Nimebakiza parole, na hapa nitakaa.

Sheria ya Bodi za Parole ni ya mwaka 1994. Anayeingia ni mfungwa wa miaka minne na kuendelea, ambaye ametumikia theluthi moja, mwenye tabia njema, na ambaye kosa lake si miongoni mwa yaliyokatazwa: kifungo cha maisha, unyang'anyi wa kutumia silaha, biashara ya dawa za kulevya, makosa ya kujamiiana. Rudini kwa yule wa miaka sita. Kwa msamaha wa kawaida anatoka mwaka wa nne. Kwa parole anaweza kufikiriwa baada ya mwaka wa pili. Wa miaka minne anafikiriwa baada ya miezi 16, wakati kwa kawaida angetoka baada ya 32. Na yule wa miaka mitatu na nusu? Amezidi huduma kwa jamii, hajafika parole. Anabaki na theluthi yake, na rufaa, na msamaha wa Rais ukimkuta. Sheria imemwacha katikati, na hatuoni sababu ya maana.

Jalada linaanzia gerezani, linakwenda Bodi ya Parole ya Mkoa, kisha Bodi ya Taifa, na mapendekezo yanafika kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Mnasikia hivyo mnadhani kazi yote iko Dodoma. Sisi tunasema jalada la parole linakufa au linapona kijijini. Gereza litaandika kwamba mtu huyu anafanya kazi na hana kosa la nidhamu. Halitaweza kuandika kama kuna nyumba inayompokea, kama majirani wanamtaka, na kama aliyekosewa atalala usingizi akimsikia amerudi. Hayo yanajibiwa na ninyi, na bodi haiwezi kumtoa mtu asiye na pa kwenda.

Kwa hiyo miezi sita kabla ya theluthi kutimia, familia ikae. Nani anampokea? Jibu liwe jina la mtu mmoja mwenye nyumba, si "ukoo". Mtu huyo aandike barua yake, aseme yeye ni nani kwa mfungwa, anaishi kitongoji gani, atamlaza wapi na atamlisha vipi mpaka asimame. Kama kosa lilitokea hapo hapo nyumbani, labda ugomvi wa shamba kati ya ndugu, msimrudishe kwenye mpaka ule ule. Tafuteni shangazi Nanyumbu au kaka Ruangwa. Anwani ya mbali yenye amani ina uzito kuliko ya karibu yenye panga.

Halafu kazi. "Atajishughulisha" haimshawishi mtu. Andikeni kwamba atahudumia ekari mbili za mikorosho ya baba yake, na mikorosho hiyo inajulikana kwa majirani fulani na fulani. Akitoka Aprili au Mei anakuta palizi, na salfa, ile dawa ya mikorosho, inakaribia. Akitoka Oktoba anakuta kuokota. Mwandikieni kazi inayolingana na mwezi, kwa sababu mjumbe wa bodi aliyekaa mikoa hii anajua kalenda ya korosho kama mnavyoijua. Kama shamba limewekwa rehani alipokuwa ndani, semeni mapema na mlikomboe au mtafute jingine. Aibu ya rehani ikifichuliwa na afisa aliyekuja kuhakiki inaangusha barua nzima. Aliyejifunza useremala au uashi gerezani apimwe akiwa bado ndani ikiwezekana. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumtambua mwenye ujuzi asiye na cheti. Cheti kikaenda na jalada.

Jina, jamani. Huku kwetu mtu ana jina la nyumbani, la jando, la shule na la NIDA. Hati ya kifungo ina moja, barua ya mtendaji ina jingine, na afisa anayesoma karatasi mbili anaona watu wawili. Mtendaji, andika jina lililoko kwenye hati ya kifungo, herufi kwa herufi, kisha uongeze "anayejulikana pia kwa jina la" na hilo la kijijini. Weka tarehe, muhuri, cheo chako, na kitongoji. Barua isiyo na kitongoji inamfanya afisa azunguke kata nzima kuuliza, na akikosa anaondoka.

Naendelea na ninyi watendaji na wenyeviti. Mkiulizwa maoni, itisheni watu mnaowaamini, mwandike muhtasari, mseme ukweli. Kama kijiji kina hofu, andikeni hofu ni ipi na nini kingeiondoa. Hilo linasaidia kuliko sifa za bure, kwa sababu mtu akitoka kwa sifa za uongo akaharibu, barua inayofuata kutoka ofisi yako haitasomwa. Na kukataa kwa kinyongo cha siasa au cha mpaka wa shamba lako mwenyewe, hilo mnalijua ninyi na Mungu wenu.

Aliyekosewa. Hapa ndipo familia nyingi zinakosea hatua. Zinampelekea kijana mmoja usiku, au zinakumbuka kwenda wiki ile afisa anapokuja. Kwa aliyeibiwa ng'ombe au aliyevunjwa mkono, ugeni wa namna hiyo ni vitisho, na akisema hivyo kwa afisa yamekwisha. Nendeni mapema, mchana, mkiongozwa na mzee anayeheshimiwa na pande zote, au sheikh, au mchungaji. Mara ya kwanza msiombe chochote zaidi ya radhi. Akifukuza, ondokeni kwa adabu, mrudi baada ya miezi. Kama kuna kitu cha kulipa, lipeni kidogo kidogo msimu kwa msimu, na kila malipo yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji, pande zote zikiweka sahihi. Msimwandikie ninyi barua ya kusamehe ili aweke dole. Akitaka kusema, atamwambia afisa kwa mdomo wake.

Mfungwa naye aambiwe masharti kabla hajayatamani. Wa parole bado anatumikia kifungo, ila anakitumikia nje. Anaishi mahali palipotajwa, anaripoti kwa msimamizi wake, hahami wala hasafiri bila ruhusa, hafanyi kosa. Safari ya kwenda kutafuta kibarua Dar es Salaam bila kuaga inatosha kumrudisha kumalizia kipindi chake. Siku za kwanza nyumbani mpelekeni mwenyewe kuripoti, mjue ofisi iko wapi na nauli ni kiasi gani, kwa sababu wengi wanaovunja sharti wanalivunja kwa kukosa nauli. Wadai wa zamani wakija wiki hiyo, aliyempokea ndiye atoke kuzungumza nao, yeye abaki ndani.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawagusa walioko mahabusu na magerezani pia, na wasaidizi wa kisheria mnaowaona nyuma hapo hawatozi. Sasa tunaanza kupitia karatasi. Wenye hukumu isiyofikisha siku kumi waje mbele kwanza, hata kama hawana nakala. Wawe na namba ya kesi tu. Wanaofuata ni wa faini. Wa parole mtatuwia radhi mtakaa mwisho, kwa kuwa kila jalada lenu litachukua nusu saa, na kama mtendaji wa kijiji chako yumo humu ukumbini, kakae naye kiti cha karibu sasa hivi.